Kiangazi cha Huko

Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wasiende. Wenyewe ofisini wanaiita kupanga safari, na mlangoni wameandika hivyo kwa herufi za buluu, lakini kaa kwenye kiti changu siku moja tu utaniambia. Mtu anaingia na furaha zake, anataka kwenda kwenye maporomoko ya kusini mwezi wa nne. Namwambia usiende, barabara ya kusini mwezi wa nne ni uji mtupu. Mwingine anataka kupanda mlima mwezi wa kumi na moja pamoja na mama mkwe wake. Namwambia mlima utaukuta, ila mama mkwe sijui kama utarudi naye. Siku nyingine mteja aliniuliza kama kampuni inaweza kumhakikishia jua. Nikamwambia jua lina mwenyewe, sisi tunauza viti vya basi.

Nchi yetu ni kubwa, bwana. Siku ambayo sisi hapa nguo zinakauka kwa saa moja, kuna mahali watu wanachota maji sebuleni kwa ndoo. Wageni hawalijui hilo. Wenyeji ndiyo kabisa, maana kila mtu anadhani mvua ya kwao ndiyo mvua ya taifa zima.

Nyuma ya meza yangu kuna jedwali nililolichora kwa mkono wangu, limechukua ukuta mzima. Kwenda chini ni wilaya, kwenda kulia ni miezi kumi na miwili. Kijani, nenda. Njano, shauri yako. Nyekundu, kaa kwenu. Miaka ishirini na sita nalirekebisha kila dereva akiniletea habari. Ndiyo sababu wananiita Bwana Majira, na jina langu la shuleni hata bosi analitafuta kwenye faili.

Na nina sheria moja. Anayeivunja namgombeza mbele za watu, sioni haya. Usimwandikie mteja neno masika, wala vuli, wala kiangazi. Andika mwezi. Maneno hayo kila mahali yana maana yake. Hapa kwetu kiangazi ni mwezi wa kwanza na wa pili, jua linapasua vichwa, halafu masika yanaingia. Katikati ya mwaka sisi tuna kipupwe, watu wanavaa masweta. Nenda magharibi, siku tatu kwa barabara, hawajui vuli wala kipupwe. Wana mvua moja ndefu, inaanza mwezi wa kumi na moja inakwisha wa nne, na miezi yote inayobaki, tangu wa tano mpaka wa kumi, kwao ndiyo kiangazi. Kuna bwana harusi mmoja alikaa pale kwenye benchi letu akalia kama mtoto, fungate lake lote limelowa, kisa neno moja kwenye barua. Dada wa mapokezi ndiye aliyeiandika barua hiyo. Nilimsema mpaka akaenda kunawa uso.

Haya. Kinyozi hajinyoi. Sasa nisikilizeni yangu.

Nina mtoto mmoja, wa kike. Mama yake alitutoka, tukabaki wawili kwenye nyumba ya vyumba vitatu, tunaachiana taa ya korido. Haukupita mwaka akapangiwa kufundisha huko magharibi, na huko akapata mtu, fundi wa mitambo ya maji. Kijana mzima, sina la kumsema, na nililitafuta sana la kumsema. Harusi wakaiweka mwezi wa kumi na moja, mwanzoni, nyumbani kwa wakwe. Nilishona suti. Nilifunga sanduku. Siku ya kuondoka nikakaa kitandani, viatu mguuni, nikajiona wazi: nakwenda kule nimkabidhi mwanangu kwa watu, halafu nigeuze, nirudi kwenye nyumba hii, nijiwashie taa mwenyewe. Miguu ikagoma. Si utani, ilikataa kusimama. Nikampigia simu.

"Mwanangu," nikasema, "mto umejaa. Barabara imekatika. Mabasi yote yamezuiwa."

Hakuna mto uliokuwa umejaa. Asubuhi ile mezani kwangu kulikuwa na taarifa ya barabara, mwandiko ni wangu mwenyewe: magharibi kote kunapitika.

Akasema, "Sawa, Baba."

Hatukugombana, msije mkafikiri tulitukanana. Alipiga mara mbili, mimi nikawa na haraka zisizo na mahali pa kwenda. Nikapiga mara moja, yeye akawa darasani. Baada ya hapo kila mmoja akawa anamngoja mwenzake aanze, na habari zikawa zinapita kwa dada yangu: mwanao mzima, mwanao kahama nyumba, mwanao anasalimia. Miaka minne sikuisikia sauti yake.

Nyumba ya mtu mmoja ina kelele zake, nani alisema iko kimya? Friji linakohoa. Bomba la jikoni linadondosha tone, unaanza kulisubiri lile linalofuata. Nilikuwa natengeneza chai ya vikombe viwili kwa mazoea, cha pili nakinywa kimepoa. Jumapili nafungua dirisha la chumba chake, nafuta vumbi kwenye madaftari yake, nafunga. Redio nilikuwa naijibu. Mtangazaji akisema habari za asubuhi wasikilizaji, mimi nasema nzuri, za kwako. Nilikuwa na upweke, basi. Neno lenyewe ndilo hilo, sitalizunguka.

Mwezi wa nne mwaka jana, Jumapili, masika yanapiga bati mpaka hamsikilizani, dada yangu akaingia na mwavuli uliovunjika ubavu. Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka sita na hajawahi kunisamehe kwamba nimeota mvi.

"Mdogo wangu, kaa," akasema. "Mwanao kapiga. Kasema uende kwake kiangazi."

"Kasema hivyo?"

"Nakwambia kama alivyosema. 'Shangazi, mwambie Baba aje kiangazi hiki. Asipokuja hiki, simwiti tena.' Mwisho wa kunukuu."

"Kuna nini huko?"

"Mtu akikuita kwake unauliza kuna nini? Kwani wewe askari?" Alitaka kuongeza neno, nikaliona limefika mdomoni, akalisukuma chini kwa kipande cha mkate.

Alipoondoka nikahesabu. Kiangazi ni mwezi wa kwanza, miezi tisa mbele. Kesho yake ofisini nikasimama mbele ya jedwali langu, nikafuata kwa kidole: magharibi, mwezi wa kwanza. Nyekundu. Nyekundu ya kukoleza, nimeipaka mara mbili. Nikakuna kichwa. Mtoto yule kalelewa kwenye ofisi hii. Akitoka shule alikuwa anakuja kufanyia kazi zake za nyumbani mezani kwangu, na rangi alijifunzia kwenye ukuta huu. Anajua fika mwezi wa kwanza kule hakupitiki. Basi nikaona nimemwelewa. Kanichagulia makusudi! Ulisema mvua ilikuzuia, Baba, haya, sasa njoo ndani ya mvua yenyewe tukuone. Nikasema moyoni, huyu kweli damu yangu. Na nikaona ni haki yangu. Hata nilifurahi, maana adhabu mtu akikupangia bado ana hesabu na wewe.

Nikampigia dada. "Mwambie nitakuja kiangazi. Sitakosa."

"Utakwenda kweli, au ndiyo yale yale?"

"Mwambie tu."

Miezi ile tisa sijui niiitaje. Nilikuwa kama mwanafunzi anayengoja likizo. Nilinunua buti za mpira. Nilinunua turubai dogo la kufunika sanduku. Nilichukua fomu ileile tunayowajazia wateja, nikajijazia mwenyewe: kuondoka, kufika, idadi ya wasafiri, mmoja. Kila dereva wa magharibi aliyepita ofisini nilimkalisha, nikamuuliza madaraja moja moja mpaka akaomba ruhusa ya kwenda kula. Dada wa mapokezi akanishika.

"Bwana Majira, mbona unakwenda kwenye nyekundu? Si umetukataza watu wote?"

"Mimi si mteja," nikamwambia.

Mwezi wa saba, tumejikunyata na masweta yetu, dada yangu akaniambia, "Mwanao kaniuliza tena. 'Baba vipi?' Nikamjibu, kiangazi, mwanangu, baba yako kasema kiangazi. Akasema sawa."

"Vizuri," nikasema. Nakumbuka nilikuwa namenya chungwa. Nikaendelea kumenya.

Mwezi wa kwanza nikachukua likizo ya siku kumi nikaondoka. Siku mbili za kwanza basi lilikwenda vizuri na mimi nikawa naliangalia dirisha kama mgeni, maana nchi niliyokuwa naiuza miaka yote hiyo nilikuwa naijua kwa rangi tatu tu. Siku ya tatu tukaikuta mvua. Haikuja, tuliikuta imekaa. Basi likaishia kwenye kituo kimoja cha njiani, wakasema hapa ndiyo mwisho wetu, anayetaka kuendelea apande lori. Nikapanda lori. Dereva akanikalisha mbele kwa heshima ya mvi, na saa tisa alasiri tukafika mtoni.

Daraja lilikuwepo. Maji yalikuwa yamekula tuta la upande wetu, hatua kama mia mbili hivi, na daraja likabaki limeishia katikati ya maji, halishikani nasi. Mto wenyewe ulikuwa umepanuka mpaka mashambani, rangi ya chai ya maziwa, unavuta magogo. Ng'ambo ya pili, kilomita kumi na mbili tu, ndiko alikokuwa mwanangu.

Pale mtoni kuna nyumba ya wageni ya vyumba sita na baraza la bati. Malori manne yalikuwa yameshapanga foleni, na madereva wanacheza karata kwenye kreti la soda. Dereva wangu akanitambulisha, huyu mzee ndiye anayewapangia watu safari, mtaalamu wa majira. Loo, walicheka!

"Mtaalamu wa majira, halafu umekuja mwezi wa kwanza?" akasema mmoja.

"Nimeitwa kiangazi," nikasema. "Nimekuja kiangazi."

Dereva wangu akaweka karata chini. "Kiangazi kipi tena, mzee? Kiangazi kilishakwisha. Kiangazi huku ni mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Vumbi mpaka kwenye chai. Haya ndiyo masika, unayaona mwenyewe."

"Kwenu mnaita hivyo," nikasema, "lakini mwanangu ni mtu wa kwetu."

"Amekaa huku muda gani?"

"Miaka mitano."

"Basi ni mtu wa huku," akasema, akaokota karata zake.

Nilibaki nimesimama. Jambo hili nalijua, jamani! Nimelisema miaka ishirini na sita, nimewaliza watu kwa ajili yake. Nilidhani mtoto akihama anahama na maneno ya nyumbani, yamekunjwa kwenye sanduku pamoja na nguo. Kumbe hakunipima wala hakuniadhibu. Aliniita mwezi mzuri kuliko yote, barabara kavu, kijani tupu kwenye jedwali langu, na mimi mwezi huo nilikuwa nyumbani namenya chungwa. Mwanangu aliningoja akanikosa. Na neno lake lilikuwa nisipokuja haniiti tena. Nikaingiwa na hofu, hofu ya kweli.

Mtandao ulikuwa unapatikana nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji. Namba yake nilikuwa nayo tangu zamani. Nikapiga.

"Halo?" Sauti ilikuwa imekomaa. Ya mama yake kabisa.

"Ni mimi. Baba."

Sikungoja anijibu.

"Niko hapa mtoni," nikasema. "Nilikuwa nakuja kwako. Barabara imekatika."

Nilisikia maneno hayo yanatoka kinywani mwangu nikatamani niyameze. Mvua ilikuwa inapiga tangi. Akacheka, lakini si kicheko cha kukupa kiti.

"Baba, umelitoa kabatini neno lile lile? Hata pasi hukulipiga."

"Safari hii ni kweli, mwanangu."

"Nilikungoja kiangazi chote. Kila basi la jioni likifika, natoka nje. Namuuliza Shangazi, Shangazi ananijibu kiangazi, baba yako kasema kiangazi, na mimi nimesimama ndani ya kiangazi chenyewe, vumbi linaniingia machoni."

"Nilidhani kiangazi cha kwetu. Mwezi wa kwanza."

"Wewe?"

"Nilidhani..."

"Wewe, Baba? Bwana Majira? Ulimliza dada wa mapokezi kwa neno hilohilo. Nilikuwepo, nilikuwa nafanya hesabu mezani kwako." Akapumua. "Mtu mwingine yeyote nchi hii angeniambia hivyo ningemwamini. Wewe hapana."

Simu ikakatika. Hakuwa hata amenisalimia. Nikaiangalia mkononi, nikataka kumpigia tena, nikajiuliza nitamwambia nini. Kwamba mto umejaa?

Nililala vibaya. Asubuhi madereva hawakunitania tena, sijui usoni walinionaje. Mmoja akaniletea chai bila kuulizwa. Kama saa sita mchana mvua ikapumzika, nikachukua mwavuli nikashuka mpaka pale tuta lilipokatwa, nikawa naangalia maji kama mtu aliyeajiriwa kuyaangalia.

Ng'ambo ikaja pikipiki. Ikasimama kwenye kichwa cha daraja, akashuka mwanamke amevaa koti la mvua la kiume, la njano, kubwa, limetuna mbele. Nikafikiri kauficha mkoba wake humo usilowe. Akatembea juu ya daraja mpaka lilipoishia. Kati yetu kulikuwa na maji tu, lakini maji mengi, na kelele yake ukipiga ukelele hausikiki. Simu yangu ikaita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."

"Ni wewe mwenye mwavuli mweusi?"

"Ni mimi."

"Hebu uinue."

Nikauinua juu kabisa, mkono ukanyooka.

"Basi upo," akasema. "Nimekuja kuhakikisha."

Mwanangu kapita matope yote yale kuja kuhakikisha kama baba yake ni mwongo. Sikuweza kumlaumu. Nilitamani kulia na nililia kidogo, nikashukuru kwamba tuko mbali.

"Nimekuja, unaniona," nikasema.

"Nakuona. Sasa niambie na ile ya harusi, maana nakuona. Barabara ilikatika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Miaka minne imepita, mito hujaa ikapungua, nani angeshuhudia? Nikamwangalia pale mwisho wa daraja, kitu kidogo cha njano.

"Haikukatika," nikasema.

"Nilijua siku ileile. Basi la kutoka huko lilifika saa kumi, likasimama mbele ya nyumba ya wakwe, abiria wakashuka na mizigo yao, suti zao kavu. Wakwe wote wakageuka kunitazama. Nikawaambia baba yangu hupita njia nyingine, hiyo ndiyo iliyokatika. Mpaka leo mama mkwe wangu huniuliza, ile barabara ya baba yako wameshaitengeneza? Namjibu bado, mama."

Nilishika mwavuli.

"Kwa nini, Baba?"

"Niliogopa kurudi nyumbani peke yangu."

Nilimsikia anapumua. Maji yalipitisha gogo zima, na mizizi yake, likagonga nguzo ya daraja likaendelea zake.

"Ungesema hivyo," akasema. "Ungesema hivyo tu. Ningekuja kukuchukua mwenyewe."

"Nisamehe, mwanangu."

"Haya maji hayashuki leo wala kesho. Wiki mbili, wiki tatu. Likizo yako inakwisha lini?"

"Jumatatu. Lakini naweza kungoja."

"Usingoje, Baba. Mimi nimengoja, najua kulivyo."

"Basi nitakuja mwezi wa saba. Mwezi wa saba, si kiangazi. Naandika mwezi."

Hapo alicheka kidogo, na safari hii kilikuwa kicheko cha mtoto wangu, kikakatika upesi. "Nilisema usipokuja hiki sikuiti tena. Neno langu sitaki lifanane na lako." Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Rudi nyumbani, Baba. Utalowa. Mwambie Shangazi nimekuona."

Hakuondoka papo hapo. Akafungua koti lake la mvua mbele, akalishika wazi kwa mikono miwili, akasimama ameniangalia hivyo kwa muda. Nikafikiri anapata joto, au anapanga mkoba wake. Nikampungia mwavuli. Halafu matone yakaanza tena, akalifunga koti haraka, akarudi kwenye pikipiki. Nikabaki pale mpaka mvua ikafuta ng'ambo yote.

Nikapanda mpaka kwenye tangi nikampigia dada. Aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Umefika?"

"Nimefika mtoni. Mto umejaa. Dada, ni kweli, usicheke."

"Sicheki. Umemwona?"

"Nimemwona. Kaja mpaka ng'ambo."

"Kaja naye?"

"Na nani? Kaja na mwenye pikipiki."

"Mtoto, wewe! Kaja na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia dada yangu amekosa neno. Mvua ilikuwa inajaza tangi, nikaanza kudhani mtandao umepotea.

"Hakukwambia," akasema mwishowe. "Mungu wangu. Mwezi wa saba alijifungua, wa kike, mzima. Aliniapisha nisikwambie, mdogo wangu. Alisema hataki uje kwa ajili ya mjukuu, anataka uje kwa ajili yake yeye, halafu mjukuu umkute ndani." Akavuta kamasi. "Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wewe tu ndiye niliyekuona umeletewa wote wawili mlango mmoja."

Nikakaa kwenye tofali la tangi. Maji yalikuwa yananishuka mgongoni, sikujali.

"Sasa kamleta hapo kwenye maji ili umwone," dada akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Haya niambie basi. Mimi mwenyewe sijamwona hata kwa picha. Anafanana na nani?"

Nikamwambia mto ni mpana sana mahali pale, na mvua ilikuwa imeshaanza.